Hereni Iliyomezwa na Ukungu

Bi Ruqaiya aliiweka kamera juu ya meza, akaifunika kwa leso, kisha akabadili nia akaifunua.

"Ndiyo hino," alisema. "Itwae uende nayo. Mimi sina haja nayo tena."

"Alhamisi utaihitaji," Saadiya Jeilani alimjibu. "Una harusi Shela."

"Bi Huwaida, mwenye harusi, amenipijia simu asubuhi. Ameamba ningoje kwanza asikie yatakayosemwa yeo baada ya Asri. Kungoja kwa watu wa Mkomani si wakuyua wewe?"

Saadiya alikujua vizuri. Alizaliwa mtaa huohuo, nyumba ya nne kutoka msikitini, kabla ya kwenda kuitumikia polisi miaka kumi na minane. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza Nairobi katika chumba kisicho na dirisha, akichunguza picha za ushahidi: zimepigwa na nani, kwa chombo gani, zimechezewa au hazikuchezewa. Tangu arudi Lamu, au Amu kama wenyewe waiitavyo, watu walimletea mambo ambayo hawakutaka yafike kituoni. Hati za nyumba zenye sahihi mbili tofauti za mtu mmoja. Injini za boti zilizotembea zenyewe. Wachumba walioapa kwamba hawana wake Malindi. Leo ilikuwa mara ya kwanza kurudi kwenye picha, na alikuwa akiifurahia kazi yake waziwazi, jambo ambalo halikumpendeza Ruqaiya hata kidogo.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi alasiri, nyumbani kwa Bi Hafswa, mjukuu wake Ruba alipambwa akakalishwa kitini atazamwe na wanawake wenzake. Siku kama hiyo buibui huvuliwa, dhahabu hutolewa sandukuni na nywele huachiwa, kwa sababu mlango umefungwa na ndani hakuna mwanamume wala simu. Simu zote huachwa mlangoni, kikapuni. Kinachoruhusiwa kuingia ni kamera moja ya mpigapicha mmoja, na mpigapicha huyo alikuwa Ruqaiya. Kwa miaka kumi na moja aliwapiga maharusi wa Mkomani, na picha zao zikaishia mikononi mwa wenyewe. Lakini Jumapili adhuhuri picha ya Ruba, kichwa wazi, ilikuwa kwenye simu za nusu ya mji, wanaume kwa wanawake.

Bwana harusi alisema hana neno. Wenye neno walikuwa wanawake. Kamera ilikuwa moja, basi aliyevunja amana alikuwa mmoja. Leo baada ya Asri wangekutana kiwandani, ule ua wa ndani wa nyumba ya Bi Hafswa, na kama hakukupatikana jibu jingine, Ruqaiya asingekanyaga tena nyumba yenye harusi, si Amu, si Shela, si Pate. Bi Hafswa mwenyewe ndiye aliyemwita Saadiya na kumpa kazi hii. Jumapili, kwa hasira, alikuwa amemwita Ruqaiya mvunja amana mbele ya watu; sasa alisema hataki mtu ahukumiwe nyumbani kwake kwa dhana tu.

"Tuanze na chombo," Saadiya alisema, akafungua daftari lake la shule. "Niambie kinachoweza na kisichoweza. Usinipambie."

Ruqaiya hakuwa amelala vizuri kwa siku mbili, na macho yake yalionyesha. Lakini mtu akiulizwa kazi yake huchangamka hata akiwa na homa.

"Ni ndogo, yaingia mkobani na leso yangu na panadoli zangu. Lakini kihisi chake, kile kijisahani cha ndani kipokeacho mwanga, ni kikubwa kama cha kamera zile za kuning'iniza shingoni. Ndiyo maana napija bila ya flashi. Bibi harusi akipijwa flashi, poda yang'ara, hina yawa nyeusi, naye afumba mato. Hino hutosheka na mwanga mdogo. Tena haina sauti. Watu husahau kana ipo, wateka kwa vicheko, walia, kama desturi yao."

"Na ubaya wake?"

"Ubaya tele! Lenzi ni moya, haivuti. Nikitaka uso, ni mimi nisogee mpaka hatua mbili, nipigane vikumbo na mashangazi. Kushika uso huchelewa. Pakiwa na giza hwenda mbele ikarudi nyuma mpaka mtu achoke kutabasamu. Betri yafa kabla ya keki. Na tena..."

"Na tena nini?"

"Ina kitone."

Penseli ya Saadiya ilisimama.

Ruqaiya alieleza kwa sauti ya mtu anayekiri kwamba pilau yake ilikuwa na mawe. Mwaka jana alipiga maharusi kwenye vilima vya mchanga vya Shela, upepo ukavuma, na kamera ile haikuzibwa dhidi ya vumbi. Chembe moja ikaingia, ikakaa juu ya kihisi. Kamera kubwa ungetoa lenzi ukapuliza. Hii lenzi yake haitoki. Kuifungua ni mpaka kwa fundi Nairobi, wiki tatu bila ya kazi. Kwa hiyo kila picha iliyopigwa juani huwa na alama ya kijivu upande wa kulia juu, naye huzifuta moja moja kwenye kompyuta. Hakupata kumwambia mtu.

Saadiya alikuwa keshaitoa simu yake na kuikuza picha iliyosambaa. Aliitazama pembe ya kulia, akaitazama tena, na moyo wake ukapiga kwa furaha.

"Haina kitone! Ruqaiya, tazama. Safi!"

Akaanza kuandika.

"Usiandike hilo," Ruqaiya alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si kweli. Kitone chaonekana nikibana tundu la lenzi, nde penye yua kali. Ndani, mwanga ukiwa mdogo, nalifungua tundu lote, nacho chatoweka. Jumamosi nalilifungua lote. Picha zangu mwenyewe za siku ile hazina kitone."

Saadiya aliishusha penseli. Miaka kumi na minane aliona watu wakificha ushahidi wa kuwazamisha. Huyu alikuwa ameutupa ule wa kumwokoa, tena bila ya kuulizwa. Akaufuta mstari wake kwa raba, na tangu hapo hakuwa na shaka naye hata chembe. Tatizo ni kwamba wanawake wa Mkomani wasingekubali moyo wa Saadiya uwe ushahidi.

"Wao wamekushika kwa nini hasa? Kando ya kwamba kamera ilikuwa moja."

"Kwa ukungu. Waona, uso u wazi, nyuma kumefifia. Waamba simu haitoi picha kama hino. Ni Ruqaiya tu."

"Fungua zako tuzitazame pamoja."

Waliziweka bega kwa bega kwenye kompyuta. Katika picha ya Ruqaiya, iliyopigwa kwa hatua mbili, macho ya Ruba yalikuwa wazi kabisa, hereni zikaanza kulainika kidogo, mabega yakalainika zaidi, na kitambaa cha maua nyuma ya kiti kikayeyuka polepole. Saadiya akageukia picha iliyosambaa, akaikuza mpaka ukingo wa shavu.

"Hereni ya kushoto," alisema. "Iko wapi?"

Ruqaiya aliinama. Kulabu ya hereni ilionekana sikioni, kali kama sindano. Chini yake, pale palipotakiwa kuning'inia dhahabu yote, hapakuwa na kitu ila ukungu.

"Sasa shuka mkononi. Kati ya kiwiko na kiuno kuna kijipembe. Unaona nini ndani yake?"

"Maua ya kitambaa."

"Yamefifia?"

"La. Ya wazi kabisa."

"Kitambaa kilikuwa umbali gani nyuma yake?"

"Hatua tatu."

"Basi niambie wewe mwenye kazi. Lenzi gani inayoiona hereni iko mbali kama ukuta, na kipande cha ukuta kiko karibu kama mkono?"

Ruqaiya alitia mkono mdomoni. "Hakuna. Lenzi hufifiza kwa masafa, haibagui. Hino imepakwa."

"Imepakwa na simu. Simu hupiga kila kitu wazi, kisha hukisia mtu anaishia wapi, ikapaka ukungu kwingine kote. Hapa imekisia vibaya. Imeimeza hereni na kukisahau kijipembe cha kiwiko."

Ruqaiya alilia, na Saadiya akamwacha alie, maana alistahili. Kisha akamsukumia kikombe cha chai.

"Hatujamaliza. Nikiwaambia ni simu, wataniuliza ya nani na imeingiaje. Nisipokuwa na jibu watasema nimekuonea huruma. Ulipanda kiti siku ile?"

"Mimi sipandi viti, na goti langu hili."

"Hii imepigwa kutoka juu. Ninauona mstari wa nywele utosini. Na hapa kushoto kuna ufito mweusi umesimama."

"Nalidhani ni kivuli cha nguzo."

"Mimi pia. Niazime kamera."

*

Hindu, mpwa wa Bi Hafswa, alikuwa amekaa kwenye benchi la daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, akipepeta mchele wa wageni wa alasiri. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika msikitini, na kwa sababu hiyo ndiye aliyepewa kikapu kila harusi.

"Kila simu ilikuwa na namba," alisema kabla hajaulizwa. "Kadi nimekata mwenyewe, nikatia uzi. Nusu kikapuni, nusu kwa mwenye simu. Hata ya Ruqaiya naliitwaa. Zote zilitoka na wenyewe, hapakubaki kadi."

"Hakuna aliyekupita?"

Hindu aliweka ungo chini. "Yuko mmoya mwenye simu mbili. Yule mpambaji wa Shela, Nyaguthii. Mtu wa bara." Alilitamka neno bara kama kwamba ni aina ya simu.

"Simu zake nzuri?"

"Za mato matatu nyuma!"

Saadiya alimpigia simu hapo hapo. Nyaguthii alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Nilikuwa nangoja hii simu tangu jana," alisema. "Nilijua mtazunguka, mwishowe mtafika kwangu."

"Mimi sijafika kwako. Nimepita tu. Simu zako zilikuwa wapi Jumamosi?"

"Kwa kikapu, zote mbili. Muulize yule mama. Na nilitoka mapema, nilikuwa na wageni wa hoteli. Nilimaliza uso, nikaenda. Hata asmini hawakuwa wamemwekea kwa nywele. Sikuona vile alitokea, na nilikuwa nataka sana kumwona."

Saadiya alimshukuru, akaifungua picha mbele ya Hindu. Vishada vya asmini vilikuwa vimejaa nywelini mwa Ruba.

"Nyaguthii aliondoka lini, kabla ya asmini au baada?"

Hindu alifikiri. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo. "Kabla," alisema. "Mimi ndiye nalimpa simu zake, na asmini zilikuwa bado sinia. Zilikuwa hapa, mbele yangu."

"Basi si yeye."

"Si yeye." Akauokota ungo, akauweka tena. "Nimemtaja kwa watu sita, Saadiya."

"Utawarudia wote sita. Kisha yeye mwenyewe."

"Nitamrudia," Hindu alisema, na safari hii sauti yake haikufika hata barazani.

"La mwisho. Simu za wenyeji nazo zilitiwa kikapuni?"

"Wenyeji wepi?"

"Wa nyumba hii. Walioamka humu, ambao hawakupita mlangoni kwako."

Hindu alimtazama kana kwamba ameulizwa kama imamu huvua viatu. "Kikapu ni cha wageni. Mwenyeji si mgeni. Ni nani wa kumsachi mwenye nyumba?"

Saadiya aliliandika jibu hilo neno kwa neno, akalipigia mstari.

*

Kiti cha Ruba kilikuwa bado kiwandani, na kitambaa cha maua nyuma yake. Saadiya alimkalisha Hindu hapo, akapiga kutoka mlangoni, kutoka nguzo ya kwanza, kutoka nguzo ya pili. Hakuna mahali chini pale palipouonyesha utosi wa mtu. Alirudi nyuma mpaka kisigino kikagusa ndoo, akainua macho. Juu, usawa wa dari ya chini, kulikuwa na dirisha la nondo za mbao lililotazama kiti moja kwa moja.

"Chumba hicho ni cha nani?"

"Cha Bibi," Hindu alijibu.

Saadiya alipanda ngazi polepole. Alikuwa amekwisha kujua, na hakulipenda alilolijua. Alipiga hodi.

Bi Hafswa alikuwa kitandani amekaa wima, tasbihi mkononi. Umri wake ulikuwa miaka sabini na miwili, na hakuna mtu Mkomani aliyemkumbuka akiinama kwa ajili ya mwingine.

"Karibu, mwanangu. Umepata?"

"Nataka kupiga picha moja dirishani kwako, Bi Hafswa, kama utaniruhusu."

"Pija."

Aliipitisha kamera kati ya nondo mbili, akabonyeza. Kwenye kioo Hindu alitokea mdogo kama kidole gumba, na kila kitu kilikuwa wazi: Hindu, kiti, maua ya kitambaa, hata ufagio uliosahauliwa pembeni. Lenzi isiyovuta, kwa umbali ule, haikuwa na ukungu wa kumpa mtu. Aliikuza. Utosi ulionekana. Na kushoto, umesimama, ulikuwepo ufito mweusi: nondo ya dirisha.

Basi mahali palikuwa hapa, na chombo hakikuwa hiki. Saadiya aligeuka. Juu ya mto wa Bi Hafswa, ikiwa imechomekwa kwenye chaji, ililala simu kubwa yenye lenzi tatu, moja yake ya kuvuta vilivyo mbali.

"Bi Hafswa, picha iliyosambaa umeiona?"

"Sikuiona, wala sitaiona. Kila aitazamaye amzidishia aibu mjukuu wangu."

"Simu hii amekupa nani?"

"Bakr, mwanangu. Ameinunua nipate kuonana na Nour."

Nour alikuwa dada mkubwa wa Ruba, ameolewa Maskati, mimba yake ya miezi minane, na daktari alimkataza kupanda ndege. Bi Hafswa alipolitaja jina hilo sauti yake ililainika.

"Amelia wiki nzima, maskini. Jumamosi nalimwambia, wewe hukuya, lakini nduyo utamuona. Nalisimama hapo dirishani, nikamtumia uso wa nduye, na asmini zake, na..."

Tasbihi ilisimama. Chini walisikia Hindu akiuliza kama bado akae kitini au ainuke.

Bi Hafswa alinyosha mkono. "Lete."

Saadiya alimpa simu yake, picha ikiwa wazi. Bi Hafswa alivaa miwani, akatazama. Akaichomoa simu yake mwenyewe kwenye chaji, akatafuta kwa kidole kimoja, akaziweka mbili mapajani. Alikaa hivyo mpaka Saadiya akaona aibu ya kusimama mbele yake, akaketi mkekani.

"Ni hino," Bi Hafswa alisema. "Ni yangu mimi."

"Ulimtumia Nour peke yake?"

"Peke yake. Wallahi."

Walimpigia. Nour aliulizwa swali moja tu, akaanza kulia. Aliiweka kwenye status, alisema, akaandika mdogo wangu nimekukosa. Kwa saa mbili tu. Kisha akakumbuka kwamba namba yake wanayo watu wa kazini kwa mumewe, na ukoo, na mwenye duka, akaifuta. Kwa saa mbili hizo mtu alikuwa ameshaichukua. Alipozisikia habari za Ruqaiya aliogopa kusema.

"Nyamaza kulia, utamuumiza mtoto," Bi Hafswa alimwambia. "Kosa la mwanzo ni langu. Lako tutalizungumza ukijifungua salama."

Alikata, akaiweka simu chini mbali na yeye.

"Sikuihesabu kuwa ni picha, Saadiya. Wafahamu? Naliona nimemuonyesha Nour nduye, basi. Sharti la kikapu nimeliweka mimi, mwaka simu zilipoanza kuya na kamera. Halikunipitia kitwani kwamba na mimi nimo."

"Nafahamu."

"Na nimemuita Ruqaiya mvunja amana mbele ya watu."

Adhana ya Asri ilianza msikiti wa jirani. Saadiya alifunga daftari. Alimhurumia bibi huyu kwa dhati, na alijua pia kwamba huruma ikikaa mahali pasipo pake humuumiza mtu mwingine.

"Kazi umenipa wewe, kwa hiyo nitakuuliza wewe. Ushahidi wa hereni unatosha kuonyesha kwamba si kamera ya Ruqaiya. Naweza kuwaeleza hilo nikaishia hapo."

"Nao wataamba nini?"

"Watauliza simu ya nani. Watamtaja yule mpambaji wa Shela. Baadaye watarudi kwa Ruqaiya, waseme amesitiriwa."

Bi Hafswa alisali. Alisali bila ya haraka, rakaa zote nne, na Saadiya akasali nyuma yake. Alipomaliza alijifunga leso yake upya, akaichukua simu.

"Nishika mkono," alisema. "Ngazi hino si ya kushuka na hasira."

*

Wanawake walikuwa wamejaa kiwandani, zaidi ya thelathini, na Bi Huwaida wa Shela alikuwa mbele, mtoto wake akiolewa Alhamisi. Ruqaiya alisimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia kaa, naye hakukaa.

Saadiya aliieleza hereni. Aliipitisha kompyuta mkono kwa mkono, wakaikuza wenyewe, wakabishana, wakaulizana kuhusu kijipembe cha kiwiko, mpaka msichana mmoja wa chuo akasema kwa sauti, "Kweli, hiyo ni portrait ya simu, yangu pia hukata hereni!" Minong'ono ikazidi. Mtu akauliza, kama Saadiya alivyotarajia, simu ya nani.

"Yangu," Bi Hafswa alisema.

Hakuna aliyefikiri amesikia vizuri, kwa hiyo alirudia. Aliwaeleza dirisha, Nour, na saa mbili za Maskati. Hakujitetea. Kisha akageuka kwa mlango.

"Ruqaiya. Nimekudhulumu. Nimekudhulumu mbele ya hawa, na mbele ya hawa nakuomba unisamehe."

Ruqaiya aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kwa maana ya kusamehe, na machozi yakimdondoka.

"Hindu," Bi Hafswa akaita, "kikapu ki wapi?"

Kilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Hindu alikileta. Bi Hafswa akaitia simu yake ndani, akanyosha mkono.

"Kadi."

"Bibi, we si mgeni..."

"Nipa kadi, Hindu."

Hindu alitafuta kadi, akampa namba moja. Bi Hafswa aliifunga uzi wake kidoleni. Mwanamke mmoja wa nyumba hiyo, nyuma kabisa, akatoa simu yake mfukoni bila ya kuambiwa, akaja akaitia. Akafuata mwingine.

Bi Huwaida alikohoa. "Ruqaiya, Alhamisi ni saa kumi. Usichelewe. Na betri uje na ya pili, ile ya Jumamosi ilituzimikia keki."

Wanawake waliangua kicheko, na Ruqaiya naye akacheka huku akijifuta uso. Saadiya alimrudishia kamera mkononi. Alipogeuka kuondoka, alimwona Bi Hafswa akienda kwenye kiti cha bibi harusi, akakaa, akavuta leso yake vizuri kuzunguka uso, mikono mapajani. Hakuna aliyewahi kumwona akikubali kupigwa picha tangu ile ya kitambulisho.

"Nipija," alisema. "Ya kumpelekea Nour. Hino ataiweka popote atakapo."

Ruqaiya alisogea mpaka hatua mbili, akapiga goti lake bovu, akainua kamera. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena.

"Mbona kimya?" Bi Hafswa aliuliza kwa midomo iliyofungwa.

"Tulia, Bibi. Hino huchelewa kushika."

"Naingoja. Hata mimi nimechelewa kukuyua."

Mwanga wa alasiri ulikuwa umeshuka mpaka nusu ya ukuta. Ruqaiya akabonyeza.

"Tayari."

"Sikusikia kitu."

"Haina sauti, Bibi."

Bi Hafswa hakuinuka. Alibaki ametulia vile vile, akitazama lenzi, kadi ya Hindu ikining'inia kidoleni, na Ruqaiya akapiga ya pili.